Mume wangu kaambiwa ana homa ya ini C: nimpikie nini?

Mama Tumaini, Uyole
Habari zenu wanajukwaa. Baba Tumaini alichangia damu kanisani, baadaye akapigiwa simu afuate majibu. Kipimo cha homa ya ini C kimesoma. Haumwi, shambani kwenye viazi anaenda kama kawaida, na macho hayana manjano. Ila mama mkwe kamtengea kikombe na sahani yake, na jirani kaleta chupa ya dawa ya mizizi, eti inasafisha ini. Mimi nimemwondolea nyama, mayai na mafuta. Anakula ugali na figiri ya kuchemsha, na sasa anakonda. Chakula gani kinaua virusi hivi? Na watoto nikawachanje wapi?

Nesi mstaafu, Iringa
Pole sana mdogo wangu. Kabla ya jikoni, tumalize hayo majibu. Kipimo cha kwanza hutafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili umewahi kukutana na virusi. Kati ya watu 10 walioambukizwa, kama 3 hivi huviondoa wenyewe ndani ya miezi 6, lakini alama inabaki. Kwa hiyo bado hujui kama anao. Aende Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapo Mbeya akaulizie kipimo cha virusi vyenyewe, na apimwe na homa ya ini B, maana dawa za C huweza kuiamsha B iliyolala.

Vikikutwa, hakuna chakula kinachoviua. Vidonge ndivyo vinaviua. Mara nyingi ni sofosbuvir pamoja na daclatasvir, kwa wengi wiki 12, na zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanapona. Kama anatumia dawa za kifua kikuu au kifafa, aseme mapema, kwa sababu baadhi yake hupunguza nguvu ya vidonge hivyo.

Sahani mrudishie, tafadhali. Inaniuma kuona mtu anatengwa mezani kwake kwa ugonjwa unaopita kwenye damu. Hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kukumbatiana. Vya kutenga ni wembe, mashine ya kunyolea, mswaki na kikatia kucha. Chanjo ya C haipo. Ya B ipo, na watoto wetu huipata wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Angalia kadi zao za kliniki.

Sasa chungu. Rudisha mayai, maharage na samaki, ini linahitaji protini ili lijijenge. Punguza soda na vya kukaanga. Karanga na mahindi chambua kwa mkono, chenye ukungu tupa, usimpe hata kuku: sumukuvu inaliharibu ini vibaya, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Pombe aache yote. Najua ulanzi wa kwetu na kimpumu cha huko kwenu watu huvihesabu kama kinywaji cha kawaida, lakini ini halijui tofauti. Ile chupa ya mizizi usimpe, hakuna anayejua kilichomo, na zipo dawa za miti zinazoua ini. Panadol isizidi vidonge 4 vya miligramu 500 kwa siku mpaka ini lipimwe.

Mkulima wa kahawa, Mbozi
Shemeji, mimi nilimeza hizo dawa nikapona virusi. Makovu kwenye ini yalikuwa yameshaanza, ndiyo maana kila miezi 6 napigwa ultrasaundi kuangalia saratani. Msichelewe. Kahawa asinyimwe: tafiti nyingi zinaonyesha wanaokunywa, makovu yao huenda polepole. Mimi nakunywa ya shambani kwangu, bila sukari.

Mama Tumaini
Ndaga fijo. Leo kala maharage na mayai mawili, mama mkwe nimemsomea yote haya. Je, mimi na watoto tupimwe?

Nesi mstaafu, Iringa
Wewe pima. Kwa wanandoa kuambukizana ni nadra, ila hutokea. Watoto hawazaliwi nao kutoka kwa baba. Mama akiwa nao ndipo kama watoto 5 au 6 kati ya 100 huupata. Ukikutwa huna, watoto waache, labda kama wamenyolewa kwa wembe wa baba yao.