Zebaki kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu: izuiwe mpakani, au tuanze na pale inapochomwa?

Mleta mada

Wakuu, tujadili hili kwa hoja. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020. Mkataba haudai zebaki ifutwe kwenye dhahabu kwa siku moja; unadai mpango wa kitaifa, na Kiambatisho C kinataja mambo manne ya kukomeshwa: kumwaga zebaki kwenye unga wote wa mbale (mawe yenye dhahabu), kuchoma donge la zebaki na dhahabu bila kifaa cha kunasa mvuke, kulichoma kwenye makazi ya watu, na kuyapeleka marudio (mchanga unaobaki baada ya kuchenjua) yenye zebaki kwenye sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, kabla zebaki haijatolewa.

Msimamo wangu ni kwamba mambo hayo manne hayakaguliki. Nani atasimama kila ua, kila mwalo (mteremko wa kuoshea unga wa mbale), saa mbili usiku? Kinachokaguliwa ni chupa inayovuka mpaka. Sheria tayari inataka kibali cha Mkemia Mkuu wa Serikali kwa kemikali hii. Vibali visitishwe, iwekwe tarehe moja, tumalize.

Mchenjuaji, Geita

Mkuu, Indonesia ilikaza njia hiyohiyo. Zebaki ya nje ilipobana, watu walichimba sinaba, jiwe linalotoa zebaki, huko kisiwa cha Seram, wakaichoma wenyewe, na nchi ikageuka muuzaji. Ulaya ilizuia kuuza zebaki nje mwaka 2011, Marekani 2013. Bei ilipanda, lakini mialo haikusimama.

Sababu yake iko kwenye hesabu ya kila siku. Mchimbaji analeta viroba vyake karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe, vinasagwa, unga unapita mwaloni juu ya magunia, ule mchanga mzito unaoshwa kwenye beseni, zebaki inakamata dhahabu, kitambaa kinakamuliwa, donge linachomwa. Jioni hiyohiyo amelipa dizeli na chakula, na wenzake wa duara (shimo wanalochimba pamoja) wamegawana. Njia yoyote inayochukua siku nne kuleta pesa ni lazima iambatane na mtu wa kumkopesha siku hizo nne, na anayemkopesha mara nyingi ndiye anayenunua dhahabu yake kwa bei anayoitaka yeye.

La pili halisemwi sana. Kwa njia hii mchimbaji hupata chini ya asilimia 40 ya dhahabu iliyomo kwenye mbale. Iliyobaki iko kwenye marudio, na marudio kwa desturi ya sehemu nyingi yanabaki kwa mwenye karasha kama sehemu ya malipo. Yeye anayapeleka kwenye sayanaidi, ambako inawezekana kutoa hata asilimia 90 ya kilichobaki. Kwa hiyo mwenye karasha anafaidika zebaki inapofanya kazi vibaya. Ukizuia chupa bila kugusa mkataba wa marudio, umembana mnyonge pekee.

Afya ya mazingira

Naomba nirekebishe jambo moja linalopotosha mjadala huu kila unapoibuka. Watu wakisikia Minamata wanawaza samaki, kwa kuwa kule Japani, ugonjwa ulipotambuliwa mwaka 1956, njia ilikuwa samaki na zebaki ya methili, aina inayojilimbikiza kwenye samaki. Kwa mchomaji wa dhahabu njia kuu ni pua. Zebaki inachemka kwa nyuzi 357 tu. Mvuke wake hauna harufu, na karibu asilimia 80 ya unaovutwa hubaki mwilini: unaingia kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito unavuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Barakoa ya vumbi haiuzuii hata kidogo.

Hapo ndipo baadhi ya tafiti zinapokosea. Nywele zinafaa kupima methili ya kwenye samaki. Mvuke unapimwa kwa mkojo, tena kwa kulinganisha na kreatinini, taka ya mwili inayoonyesha mkojo ni mzito kiasi gani, maana mkojo wa mtu aliyeshinda juani bila maji ni mzito na utadanganya. Nywele za mchomaji zinaweza kuwa na zebaki iliyoganda kwa nje tu. Kanda ya Ziwa kuna mtego mwingine: tafiti za miaka ya 1990 ziliwakuta watu wenye zebaki nyingi kwenye nywele, na chanzo kikaonekana kuwa sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Usipouliza kuhusu sabuni, utalaumu mgodi au ziwa bure.

Na nasema hili kwa uchungu: mtu anayetoa mkojo wake ana haki ya majibu yake, kwa Kiswahili, pamoja na maana ya namba ile na hatua ya kuchukua. Mtafiti asiyeweka fungu la kurudi kijijini kwenye bajeti asipewe kibali cha kukusanya sampuli.

Mleta mada

Nakubali la nywele na mkojo, na la marudio sikulipa uzito. Lakini boraksi, ile chumvi ya kuyeyushia madini, je? Wafilipino wa Benguet wameitumia kwa miongo kadhaa bila zebaki. Mbadala upo, na ukiwepo mbadala marufuku haina ukatili wowote.

Mchenjuaji, Geita

Upo, ila una masharti. Boraksi haikamati dhahabu kama zebaki. Kazi yake ni kuyafanya madini mengine yayeyuke mapema na yawe kama kioo chepesi, ili dhahabu, inayoyeyuka kwa nyuzi 1064, izame chini peke yake. Maana yake kazi yote inahamia kwenye kuosha. Unarudia beseni mpaka ubaki na kiasi kidogo sana cha mchanga mzito, unatoa chuma kwa sumaku, unachanganya na boraksi, unalowesha kidogo ili feni ya mkaa isipeperushe unga, ndipo unachoma.

Inakwama wapi? Kwanza, ukileta kilo tatu za mchanga uliooshwa nusu, boraksi na mkaa vitaisha na dhahabu itabaki imetawanyika ndani ya kioo. Pili, dhahabu ya chembe ndogo sana inaelea na kuondoka na maji kabla haijafika huko. Tatu, na hili ndilo kubwa kwa mbale za Geita zinazotoka chini zaidi, dhahabu iliyofungwa ndani ya salfaidi (madini yenye salfa) haiachii kwa kuosha. Lakini hiyo hata zebaki haiipati, kwa hiyo tusiifanye kisingizio cha kutetea zebaki. Penye dhahabu ya chembe kubwa na mawe meupe, boraksi inafanya kazi vizuri, na nashangaa haijasambazwa huko kwanza.

Fundi wa vyuma, Chunya

Wakati mnabishana kuhusu mpaka, ritoti, kile kifaa cha kunasa mvuke, inaweza kutengenezwa kesho. Ni kikombe cha chuma chenye mfuniko wa kubana, bomba linaloshuka, na maji ya kulipoza. Ikitumiwa sawasawa inanasa hadi asilimia 95 ya zebaki, nayo inarudi kazini, kwa hiyo mtu anaokoa pesa yake.

Nyingi zimetupwa pembeni kwa makosa ya uundaji. Bomba la maji la mabati lisitumike jipya: lichomwe kwanza likiwa tupu, mahali pa wazi, watu wakae mbali, maana zinki yake inatoa moshi wa sumu. Shaba na aluminiamu visiguswe kabisa, zebaki inavila. Mdomo wa bomba usizamishwe ndani ya maji. Moto ukipungua, bomba linavuta maji hadi kwenye kikombe cha moto na kinalipuka. Uning'inie juu kidogo ya maji, ufungwe kitambaa kilicholowa ambacho ncha yake inagusa maji. Na kikombe kisifunguliwe hadi kipoe kabisa, la sivyo mvuke uliobaki unakupiga usoni.

Lalamiko kubwa ni rangi: dhahabu ya ritoti inatoka ya kahawia na mnunuzi anashusha bei. Dhahabu ni ileile. Iyeyushwe na boraksi kidogo, itang'aa.

Mchenjuaji, Geita

Fundi kagusa mahali penyewe. Dhahabu iliyokwisha kuchomwa mwaloni bado hubeba kama asilimia 2 hadi 5 ya zebaki, nayo inatoka mnunuzi anapoiyeyusha mjini. Tangu mwaka 2019, masoko ya madini yalipoanza Geita, dhahabu nyingi inapita milango inayojulikana. Mleta mada, ulitaka sehemu inayokagulika. Hiyo hapa: kila chumba cha kuyeyushia kiwe na chombo cha kuvuta na kunasa mvuke, na soko lipime usafi wa dhahabu badala ya kuangalia rangi.

Afya ya mazingira

Na sayanaidi isiachwe. Marudio yenye zebaki yakiingia kwenye tangi, zebaki inaungana na sayanaidi na kuyeyuka, kisha inasafiri na maji mbali kuliko ingefika yenyewe. Isitoshe, chokaa ikipungua na pH (kipimo cha uasidi) ikashuka chini ya 10, tangi linatoa gesi ya sayanaidi, ambayo inaua papo hapo. Mwenye mtambo ndiye mwenye mtaji na anwani. Yeye akaguliwe kwanza.

Mleta mada

Basi nabadilisha hoja yangu, ila siifuti. Tarehe ya kusitisha vibali ibaki, lakini kabla yake yafanyike matatu: vyumba vya kuyeyushia vya masoko virekebishwe, mitambo ya sayanaidi izuiwe kupokea marudio yenye zebaki, na mkataba wa karasha uandikwe ili mchimbaji awe na fungu kwenye marudio yake. Hili la tatu ndilo nataka tulichimbe sasa. Wenye makarasha mnaosoma hapa: mkilipwa pesa taslimu kwa kila kiroba kinachosagwa, mtakubali kuachia marudio, na kwa bei gani?

Mwenye karasha, Chunya

Kwa mbale nzuri, hapana. Kwa mbale duni nitakubali leo, kwa sababu marudio yake hayalipi hata nauli ya kuyafikisha mtamboni. Ninachoweza kukubali kwa zote ni mgawo: yapimwe sampuli yakitoka mwaloni, uzito uandikwe, na sayanaidi ikishatoa dhahabu tugawane kwa asilimia. Ila sampuli ipimwe na maabara ambayo si yangu na si ya mtambo. Bila hiyo mchimbaji hataniamini, na atakuwa na haki.