Pacha wa kidijitali wa jengo: ni wa kweli au tunauziwa picha?

Mlinzi wa Ghorofa: Wakuu, naomba ushauri. Nasimamia uendeshaji wa jengo la ofisi lililokabidhiwa karibuni, na mkandarasi ametuachia modeli ya BIM, yaani jengo la pande tatu kwenye kompyuta lenye taarifa za sehemu na vifaa vyake. Sasa kuna wauzaji wanataka tufunge vihisi kila chumba, ndipo tupate "pacha", yaani nakala ya jengo kwenye kompyuta inayofuata hali yake halisi. Bosi ameshakolea na ile modeli inayozunguka kwenye skrini. Nianzie wapi?

Valvu: Modeli peke yake si pacha, mkuu. Michael Grieves alipoeleza wazo hili mwaka 2002, akiwa kwenye mambo ya viwanda, alitaja vitu vitatu: kitu halisi, nakala yake, na taarifa zinazopita kati yake. Wabane hao wauzaji kwenye hicho cha tatu. Mitambo yenu ikiwa inatumia BACnet, ile lugha ya pamoja ya mitambo ya majengo kupashana taarifa, vipimo vingi mnavyo tayari.

Mlinzi wa Ghorofa: BACnet ipo, ila majina ni vurugu tupu. AHU-2 (mashine ya pili ya kusukuma hewa) ya kwenye modeli inaitwa kitu kingine kabisa kwenye mfumo wa udhibiti.

Mama Pampu: Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na kwenye demo hutaonyeshwa. Kila kifaa kiwe na kitambulisho kimoja: kwenye modeli, kwenye udhibiti, kwenye rekodi za matengenezo, na kwenye kibati kilichobandikwa juu yake. Vyumba viache kwanza. Chukua chila, ule mtambo wa kupoza maji, maana ndio unaokula umeme. Pima joto la maji yanayotoka na yanayorudi, mtiririko wake, na umeme unaoingia. Mtiririko (lita kwa sekunde) mara tofauti ya joto (nyuzi za Selsiasi) mara 4.19 unakupa ubaridi uliozalishwa, kwa kilowati. Gawanya kwa umeme, umepata ufanisi. Ukishuka wakati mzigo na hali ya hewa ni vilevile, pengine mirija imeshika ukoko. Hapo hata bosi ataelewa.

Kona Nne: Naongezea mkataba. Data iwe mali yenu, modeli itolewe pia kwa IFC, muundo wa faili ulio wazi unaosomwa na programu tofauti, na itajwe nani anaisahihisha ukuta ukihamishwa. Hicho cha mwisho watu hukiruka, halafu baada ya ukarabati kidogo tu fundi anarudi kwenye michoro ya karatasi.

Mlinzi wa Ghorofa: Nashukuru sana. Chila zipo mbili, moja haina mita ya umeme.

Mama Pampu: Ifungwe kabla hamjasaini chochote. Na mita ya mtiririko ihakikiwe, ikidanganya hiyo hesabu yote imeharibika.