Naomba ushauri: nihamie huduma inayosimamiwa, au nibaki na seva yangu?

Ndugu wanachama, salaam. Ninaendesha tovuti ya WordPress (programu ya kutengenezea na kuendesha tovuti) kwenye seva ninayoisimamia mwenyewe, na sasa ninafikiria kuihamishia kwa kampuni itakayoshughulikia yenyewe masasisho, ulinzi na nakala rudufu za kila siku. Kilichonisukuma ni usiku mmoja nilipopandisha toleo la PHP (lugha ya programu inayoiendesha WordPress), ukurasa wa mbele ukawa mweupe pe, nikakesha hadi alfajiri nikizima programu-jalizi (vijiprogramu vya kuiongezea tovuti uwezo) moja baada ya nyingine.

Nimeyaweka masasisho yajiendeshe, na hifadhidata hunakiliwa kila usiku, ila sijawahi kujaribu kuirejesha tovuti kutoka kwenye nakala hizo (uzembe wangu, nakiri). Kinachonitia shaka ni kwamba huduma nyingi za aina hii hazikupi mamlaka kamili juu ya seva, hukataza baadhi ya programu-jalizi, hasa za kache (zinazotunza nakala za kurasa ili zifunguke haraka), huweka kikomo cha idadi ya wageni kwa mwezi, na mara nyingi baruapepe haimo.

Je, kwa mtu asiye fundi wa seva, utulivu huo unafidia uhuru unaopotea? Na kabla ya kulipia, nihakikishe nini ili siku nikitaka kuondoka nichukue faili na hifadhidata yangu yote bila kikwazo?