Kidonge cha kupe kwa mbwa ni salama kweli au namuua mbwa wangu?

Mtoa mada: Wakuu habari za mchana. Nina dume langu German Shepherd, kilo 30 hivi, tangu nimchukue hajawahi kuumwa. Mvua hizi kupe wamemjaa masikioni na katikati ya vidole, nang'oa leo kesho wamerudi. Duka la mifugo wananiambia nichukue kidonge cha fluralaner, kimoja kinakaa wiki 12, ila mtandaoni watu wanasema zinaua mbwa. Ushauri wa haraka tafadhali, matusi hapana.

Bwana Josho: Kidonge cha nini mkuu, chukua amitraz, ile dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe, changanya kama lebo inavyosema umwogeshe, mchezo umeisha. Marehemu babu kule Kongwa alikuwa anawapaka oil chafu na walikuwa wanafukuza fisi usiku kucha, mbwa wa siku hizi mayai tu.

Mama Chanja: Oil chafu ni sumu na mbwa anajilamba. Amitraz nayo si ya kukadiria kwa macho, na paka asiisogelee. Mtoa mada, fluralaner iko kundi la dawa za kupe na viroboto linaloitwa isoxazoline. Mwaka 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kwamba baadhi ya mbwa wanatetemeka, wanayumba au wanapata degedege, hata ambao hawakuwa nalo. Ikasema pia kwa walio wengi ni salama. Sasa nijibu, hajawahi kuanguka huyo?

Nyamnyam: Watu wanakosa panadol humu mbwa anatafutiwa kidonge cha wiki 12. Kufuru.

Mtoa mada: Mama Chanja, aliwahi kuanguka akapigapiga miguu na mapovu yakamtoka, ila lilikuwa jua kali nikajua joto. Ikajirudia usiku mmoja. Muuzaji kasema haihusiani. Na kiukweli jana nshampa nusu, nilikata makusudi makali yapungue, nusu iko kwenye friji. Sioni kosa hapo.

Mama Chanja: Joto la usiku?? Kile hakikatwi, kinapimwa kwa uzito. Nusu ni chini ya dozi, kupe wanapona na hatari hujaiondoa, na kikishaingia hakitoki. Hiyo iliyobaki usimpe. Nenda kwa daktari wa mifugo, sio muuza duka, umweleze kuanguka kote, akianguka tena mrekodi video. Na banda lipuliziwe, kupe wa mbwa wanazaliana kwenye nyufa za ukuta, jike moja linataga mayai kwa maelfu.

Fundi Chuma: Mi wangu nachoma ivermectin, ile dawa ya minyoo ya mbuzi, basi, fresh.

Kilimamoja: Bahati yako mbwa wako sio Collie, ile mbegu ya mbwa wa kuchunga kondoo. Wengi wao wana hitilafu ya jeni, ivermectin ikizidi inapenya mpaka kwenye ubongo, unazika.

Mshuku: Hii chai jamani. Posti ya kwanza "hajawahi kuumwa", ya pili kaanguka mara mbili na dawa kashameza. Huyu anauza vidonge.

Mtoa mada: Chai ya nini? Muuzaji gani anajisema kampa nusu? Nilitaka maoni ya jumla kwanza. Saivi kalala anakoroma, kesho bwana mifugo anapita.

Fundi Chuma: Mkuu dume linapanda? Nina jike German liko joto.

Mtoa mada: Njoo PM tuelewane.

Mama Chanja: We! Kifafa cha kurithi mnataka kukigawa mtaa mzima?

Nyamnyam: Mahari ni kile kidonge nusu 😂