Kafutia kiatu maua ya mkorosho wa marehemu baba!

Wakuu, nimetoka shambani sasa hivi, mikono inatetemeka. Yule bwana mnamjua, msijifanye hammjui. Yule wa kitambi, anayebeba ramani kwapani utadhani Mtwara nzima kaiumba yeye. Kaja na vijana wake kuweka bikoni, vile vigingi vya mipaka, za barabara ya mchepuo. Kafika kwenye mkorosho wa marehemu baba, kavunja tawi limejaa maua, kainama, kapangusia vumbi la kiatu. Kiatu! Halafu anasema, "Hivi vichaka tutavisafisha vyote."

Vichaka? Kichaka hicho kimenisomesha mimi na wadogo zangu wanne!

Mchepuo nautaka kuliko yeye. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanapita mjini kwenda bandarini, naanika shuka jeupe naanua jeusi. Yazungukie nje, mji upumue. Dodoma wana ya kwao ya mzunguko, kilomita 112.3. Lakini kibanda changu kina X ya kijani, yaani nastahili fidia, barabara ndiyo iliyonifuata mimi. Mthamini wa fidia hajahesabu hata mti mmoja, yeye keshavunja! Akapangusia kiatu!

Babu Chikongola: Pole mkuu. Kiatu kilitakata lakini?

Mleta uzi: Unacheka kwa sababu si mkorosho wa baba yako.

Mama Ligula: Huyo huyo! Kwangu kaegemea ukuta nimeupaka chokaa asubuhi ile ile. Mgongo wake mpaka leo uko pale, na kitambi kwa pembeni.

Mpimaji Mstaafu: Mleta uzi, tunza karatasi zako. Fidia isipolipwa ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu aidhinishe, inadaiwa na riba.

Mleta uzi: Asante mzee wangu. Na kiatu je?

Wa Lindi Mjini: Mnalilia maua? Mei 2024 barabara ilikatika Somanga, nimelala ndani ya basi na kuku wa watu.

Babu Chikongola: Kuku mlimla?

Wa Lindi Mjini: Mwenyewe alimkumbatia usiku kucha.

Mkulima Nanyamba: Kwani salfa, dawa ya mikorosho, mmeshapata nyie? Mikorosho yangu imechanua, ugonjwa wa ubwiri unga unaitafuna, mfuko hata mmoja sijaona.

Mleta uzi: Jamani, kapangusia KIATU!

Mama Ligula: Salfa huku wanagawa, nenda na namba yako ya usajili.

Mkulima Nanyamba: Namba nimeenda nayo mara tatu, wananiambia haisomi.

Babu Chikongola: Hata yangu haisomi.