Golf inamwaga kulanti (maji ya kupozea injini) kwenye riziva (tangi lake), fundi anataka kunifungia ya Toyota Probox. Nifanyeje?

Nyar_Ahero (Jumapili, saa 3:40 usiku)

Habari zenu wadau. Nisaidieni kabla sijamalizia mshahara kwa mafundi.

Nina Golf ya 2010, 1.4 TSI, niliichukua ikitoka Japani miaka minne iliyopita. Naishi Kisumu, mzee wangu yuko kazini Nakuru, kwa hivyo kila baada ya wiki mbili napanda barabara ya Kericho na watoto wawili nyuma. Huu ni mwezi wa pili kulanti inapungua. Mwanzoni niliona tu kitu kama chumvi ya pinki imegandia ule mshono unaozunguka tangi, na nikizima gari kuna harufu tamutamu kama sharubati iliyoungua. Chini hakuna hata tone. Nikawa naongeza maji, nafunga boneti, naenda zangu.

Fundi wa kwanza, hapa Kondele, alipaka ile gundi ya kuchanganya tyubu mbili. Ilikaa siku tisa. Ijumaa iliyopita nimetoka Awasi, mlima umeshaanza, taa nyekundu ikaanza kumeta na kengele inalia. Mshale wa joto uko 90, katikati kabisa, nikajiambia ni waya umelegea. Kufika Kapsoit mvuke unatoka kwenye boneti hadi mama mmoja wa mahindi ya kuchoma akanipigia kelele nisimame. Alinipa maji ya mtungi wake, akakataa pesa, basi nikanunua mahindi manne tukala tukingoja gari ipoe.

Fundi wa pili anasema riziva ni mkebe wa kuwekea maji tu, zote ni moja. Ameshaninunulia ya Probox kwa 800. Anataka pia kutoa thamostati, ile vali inayotunza joto la injini, "injini ipumue". Mpya ya Golf nimeambiwa 4,500 duka moja, 9,000 duka lingine linaloapa ni jenuini. Mtumba 1,500.

Naweza kubadilisha mwenyewe? Mtumba au mpya? Na je, gasketi ya hedi, ile inayoziba katikati ya bloku na kichwa cha injini, imeenda? Hilo la mwisho ndilo linaninyima usingizi.

Mzee_wa_Probox (saa 3:52 usiku)

Dada, hata chupa imeshakuja nyumbani kwako. Imebaki kununua gari inayofanana nayo.

Fundi_Shabab (saa 4:31 usiku)

Nyar Ahero, hiyo chupa ya Probox usiifunge. Wacha nikueleze kwa nini, ili ukirudi kwa huyo fundi uwe na la kumwambia.

Probox ina kifuniko chenye springi juu ya rejeta. Presha yote inaishia hapo. Ile chupa ya pembeni inapokea maji yaliyofurika na kuyarudisha injini ikipoa, basi. Haina presha, hata ukiifunika na karatasi ya nailoni gari itaenda. Sasa fungua boneti yako uangalie rejeta ya Golf. Haina kifuniko. Kifuniko ni kile cha buluu juu ya tangi, maanake tangi lenyewe ndilo linabeba presha, kama baa 1.4 hadi 1.6 kabla kifuniko hakijaachilia. Tairi zako zina 2 na kitu. Ukifunga chupa ya Probox hapo, aidha ipasuke au mfumo mzima ukose presha.

Na huko kukosa presha ndiko kunaua injini za watu wanaopanda upande huu. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, maji wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mau Summit uko juu ya mita 2,400, yanachemka karibu 92. Injini yako ikiwa nzima kabisa inafanya kazi kwenye 90 na kitu. Bila presha, kwa hiyo, itachemka ikiwa haina ugonjwa wowote. Madereva wa malori ya Timboroa wanalijua hili vizuri kuliko mafundi wengi wa mjini. Ukiwa na presha ya kifuniko, maji hayachemki hadi yapite 115.

Thamostati usiguse. Kuitoa ni kumvua mgonjwa nguo kwa sababu ana homa.

Kuhusu hedi, nijibu haya. Asubuhi kabla hujawasha, zile paipu kubwa za mpira ukizibinya ni laini au ngumu? Ukiwasha ikiwa baridi na kifuniko kimefunguliwa, kuna mapovu yanayokuja mfululizo kama soda? Moshi mweupe unaendelea hata injini ikishapata moto? Halafu kitoe hicho kifuniko, gari ikiwa BARIDI, ukiangalie vizuri juu na chini. Tangi la plastiki la miaka zaidi ya kumi linapasuka kwa uzee, sawa, lakini mara nyingine kuna kitu kimelisukuma.

Jembe_la_Molo (Jumatatu, saa 12:20 asubuhi)

Mimi yangu ya Touran niliichomelea mwenyewe. Pasi ya kuchomelea waya, kipande cha ndoo iliyovunjika, kazi ya nusu saa. Ilikaa miezi minane. 4,500 ni karo ya mtoto.

Fundi_Shabab (saa 12:48 asubuhi)

Jembe, miezi minane halafu nini?

Jembe_la_Molo (saa 1:05 asubuhi)

Halafu ilipasuka Salgaa. Lakini ilikaa miezi minane.

Nyar_Ahero (saa 1:30 asubuhi)

Fundi asante sana. Paipu ni laini. Nimewasha, mapovu mawili matatu yametoka yakaisha. Moshi hakuna.

Lakini ngoja nikuambie la kifuniko. Nimetoka nje na tochi ya simu, nimekifungua, nimekigeuza. Katikati kuna tundu. Dogo, upana wa sindano ya kushonea magunia, na kingo zake bado zina unga wa plastiki ya buluu. Limetobolewa! Nimempigia fundi wa kwanza sasa hivi. Hakuona haya hata kidogo. "Mama nilikusaidia, presha ilikuwa nyingi, ingepasua gundi yangu."

Mzee_wa_Probox (saa 1:34 asubuhi)

Gundi YAKE.

Fundi_Shabab (saa 2:15 asubuhi)

Basi ile safari ya Kapsoit imejieleza yenyewe. Tangi lilikuwa na ufa mdogo unaovuja kidogo kidogo. Yeye akaziba ufa, akatoboa kifuniko, ukapanda mlima ukiwa na sufuria isiyo na mfuniko.

Na mshale wa joto wa VW usiuamini. Umetengenezwa ukae 90 joto la kweli likiwa popote kuanzia sabini na kitu hadi kupita 100, dereva asiwe na wasiwasi. Ukiona umeanza kuhama hapo katikati, umeshachelewa. Taa nyekundu inayometa ndiyo ya kusikiliza. Ndani ya tangi kuna vijiti viwili vya chuma vinavyohisi maji, yakishuka inawaka. Hiyo ya Probox haina hivyo vijiti, na taa ingewaka hadi siku ya kuuza gari.

Kwa dalili ulizotaja hedi yako inaonekana nzima, lakini si wa kukuapia kupitia simu. Ukishafunga tangi jipya, tafuta gereji yenye pampu ya mkono ya kupimia presha. Inafungwa mahali pa kifuniko, unapampu hadi baa moja na kidogo injini ikiwa baridi, mnakaa robo saa mkiangalia mshale. Ukishuka, kuna mahali pengine panavuja. Kuna pia dawa ya buluu inayonusa hewa ya tangi, ikigeuka njano moshi wa injini unaingia kwenye maji, na hapo ndipo tutaongea habari ya hedi.

Ziwa_Kusini (saa 4:10 asubuhi)

Mkuu Nyar, salamu kutoka Mwanza. Mtumba achana nao. Tangi lililotoka kwenye gari ya mwaka ule ule limepikwa miaka ile ile. Bonyeza kwa kidole plastiki ikiwa imegeuka rangi ya chai, utaisikia inalia. Chukua jipya, na KIFUNIKO KIPYA. Kwenye kifuniko usibane pesa, nimekutana na feki ambazo springi yake haiachilii kabisa, tangi jipya likapasuka ndani ya mwezi. La 9,000 sijui, huku bei zetu tofauti. Ila hilo la 4,500 uliza ni la kampuni gani, wakikuambia "ni original tu mama" toka nje.

Kemia_Bondeni (saa 7:25 mchana)

Hakuna aliyegusa maji yenyewe, na mimi nafundisha hayo.

Umeongeza maji ya mfereji miezi miwili, kwa hiyo kulanti iliyomo imeshakuwa nyepesi. Watu hudhani kulanti ni dawa ya baridi kali, kwa hivyo Kisumu haihitajiki. Kazi yake kubwa kwetu ni kuzuia kutu na kulainisha pampu ya maji, na inapandisha kidogo kiwango cha kuchemka. Chini ya asilimia 40 hiyo kinga inapungua. Changanya nusu kwa nusu. Maji yawe yasiyo na madini, yale yanayouzwa petroli stesheni kama maji ya betri. Lakini soma chupa! Wengine wakisema maji ya betri wanamaanisha asidi. Ya bomba la Nakuru ndiyo kabisa usilete, yanayotutia meno rangi ya kahawia utotoni sitaki kujua yanafanya nini ndani ya rejeta.

Rangi isikudanganye. Pinki ya dukani inaweza kuwa chochote kilichotiwa rangi. Tafuta iliyoandikwa G12++ au G13, ndiyo majina ya kulanti za VW. Ya kijani ya zamani usichanganye nayo, nimeona ikigeuka tope.

Na hii ni ya mwisho na ndiyo muhimu kuliko zote: kulanti ni tamu na ni sumu, inaua figo. Mbwa ataramba. Mtoto atachovya kidole. Usiimwage kwenye mtaro.

Nyar_Ahero (saa 2:02 usiku)

Mwalimu, nimefungia chupa kabatini. Nimenunua tangi jipya, 5,200 baada ya kubishana, na kifuniko 1,400. Mzee anasema nimngoje hadi wiki ijayo. Sitaki kumngoja. Fundi, naanzia wapi?

Fundi_Shabab (saa 2:50 usiku)

Gari ilale, ufanye asubuhi. Usifungue kifuniko ikiwa na moto hata kama una haraka kiasi gani, nina alama mkononi tangu nikiwa mwanagenzi.

Chini weka beseni pana. Toa kifuniko. Chomoa soketi ya waya chini ya tangi, ina kiulimi, kibonye kwanza, ukivuta kwa nguvu utakivunja na hakiuzwi peke yake. Skrubu mbili zinazoshika tangi, zitoe, uliinue kidogo. Paipu nyembamba ya juu, halafu nene ya chini. Zimefungwa na klipu za springi, unabinya masikio na plaisi, unairudisha nyuma kwenye paipu, kisha unaizungusha paipu kwanza kabla ya kuivuta. Ya chini ikitoka itamwaga, usishtuke. Paipu ikiwa na nyufa mdomoni, badilisha na hiyo. Klipu rudisha zile zile, si za skrubu za kukaza, zinakata mpira.

Kufunga ni kinyume chake. Kazi ngumu ni hewa. Injini yako ina njia ya pili ya maji inayopoza hewa ya turbo, hewa inapenda kujificha huko. Jaza polepole hadi alama ya juu, weka hita moto wa mwisho, washa kifuniko kikiwa wazi, bado baridi, huku unabinyabinya paipu kubwa kwa mkono na kuongeza. Paipu zikianza kupata moto funga kifuniko, acha hadi feni iingie. Hita ikitoa upepo baridi, bado kuna hewa. Ukizima utasikia kitu kinavuma dakika kadhaa, ni pampu ndogo ya umeme, iache.

Nyar_Ahero (Jumamosi, saa 5:15 asubuhi)

Nimemaliza!! Saa mbili na nusu, ambapo saa nzima ilikuwa klipu moja ya chini isiyoshikika. Kijana wangu wa darasa la sita ndiye aliyeipata, mkono wake unaingia. Tangi la zamani nimelikagua, ufa umezunguka mshono robo nzima, na ile gundi ilitoka mzima mzima kama kigaga. Hita ilinipulizia baridi mara ya kwanza, nikarudia, ikaja moto. Gereji ya presha wamepampu, mshale haukusogea. 500.

Chupa ya Probox ninayo bado, haijatumika.

Mzee_wa_Probox (saa 5:21 asubuhi)

Uko Kisumu pande gani? Yangu imepasuka tangu Januari, nimefunga na nailoni kama alivyosema fundi.

Nyar_Ahero (Jumatatu, saa 1:10 usiku)

Nimeenda Nakuru na kurudi. Taa haikuwaka. Ila leo asubuhi maji yameshuka upana wa kidole kimoja chini ya alama. Moyo umeruka.

Fundi_Shabab (saa 1:44 usiku)

Ni hewa iliyobaki, imetoka. Ongeza hadi alama, chora mstari na kalamu ya wino, uangalie kila asubuhi kabla ya kuwasha. Ikishuka tena wiki hii nitumie picha ya upande wa pampu ya maji.

Nyar_Ahero (Jumatatu iliyofuata, saa 12:55 asubuhi)

Iko kwenye mstari.