Mjadala: Mshauri akikusikiliza tu bila kukupa ushauri, amekutibu?

Wadau, naomba tulijadili hili kwa hoja. Mtu kaenda kwa mnasihi, yaani mshauri nasaha, akiwa amelemewa. Saa nzima anaongea yeye, mnasihi anamrudishia alichokisikia: "Kwa hiyo unahisi umeachwa peke yako." Wengi hutoka wakilalamika kwamba hawakuambiwa wafanye nini. Je, hiyo ni tiba?

Mimi nasema ni tiba.

Carl Rogers, Mmarekani aliyeasisi tiba inayomlenga mteja, ile ya kusikiliza badala ya kuelekeza, hakuanza hivyo. Alipokuwa mji wa Rochester, Marekani, akihudumia watoto wenye matatizo, alimpata mama mwenye mtoto mtukutu. Rogers alishaamua kwamba kiini ni mama kumkataa mwanawe tangu akiwa mdogo. Akajitahidi kikao baada ya kikao kumwonyesha hivyo, wapi! Mwisho wakakubaliana wasitishe vikao, wakapeana mikono. Mama kafika mlangoni, akageuka na kuuliza kama pale wanapokea na watu wazima. Akarudi kitini, akaanza kumwaga ya ndoa yake na jinsi alivyojiona ameshindwa. Tiba ilianza hapo, na mtoto naye akanufaika. Muda wote ule mtaalamu alikuwa na jibu la swali ambalo mama hakuliuliza.

Wapinzani wana hoja moja nzito, siikwepi. Mwaka 1957 Rogers alitaja masharti sita, yakiwemo mnasihi kuwa mkweli, kumpokea mteja jinsi alivyo na kumwelewa kwa undani, akasema ni ya lazima na yanatosha. Kisha huko jimbo la Wisconsin yeye na wenzake wakayajaribu kwa wagonjwa wa skizofrenia (ugonjwa mkali wa akili) waliolazwa, na matokeo hayakufikia matumaini yao. Kwa hiyo neno "yanatosha" nawaachia. Mtu anayesikia sauti zisizokuwepo anaweza kuhitaji dawa pia, na kumnyima kwa jina la kumsikiliza ni kumtelekeza. Ila kwenye "ya lazima" sibanduki.

Nahisi hata lugha yetu inatuponza. Ukishamwita mtu mshauri, unamdai shauri. Lakini tunasema pia "hilo ni shauri lako," yaani uamuzi uko mikononi mwako, na huko ndiko Rogers alikokuwa akielekea.

Sasa nawauliza mliowahi kukaa kwenye kiti hicho: mlipoambiwa cha kufanya, mlikifanya?